Ndevu za mtoto wa jirani

Wiki hii kuna jambo limenikaa rohoni, nimelala nalo nimeamka nalo, acha niliandike tu.

Jirani yangu hapa Makorora, Tanga, ana kijana wake wa miaka ishirini na kitu, anauza kava za simu na chaja, mtoto mpole wa watu. Mwaka huu kaanza kufuga ndevu, suruali kazipandisha juu ya vifundo na swala ya alfajiri haimpiti msikitini. Juzi asubuhi nimeenda kwao kuazima mbuzi nikune nazi, nikamkuta mama yake anamtengea chai na mihogo, na pembeni ya kikombe kamuwekea wembe mpya, bado uko kwenye karatasi yake. Hakumwambia neno. Kijana akautazama, akanywa chai yake, akachukua begi la biashara akaaga akatoka. Ndo mama yake akanigeukia akaniambia, dada, mie ndevu hata sina shida nazo, mie naogopa gari lije usiku.

Na huyu mama ni mswalihina kweli kweli, Ramadhani anafunga mpaka sita ya Shawwal. Mwanawe kawa mcha Mungu kuliko alivyokuwa, na badala ya kushukuru anatetemeka! Yaani ile picha ya gaidi tuliyochorewa tumeimeza na sisi wenyewe, saivi tunawatazama watoto wetu wa kuwazaa kwa macho ya watu wengine.

Watu wa Tanga mnakumbuka hii ilikolea lini. Februari 2015, Amboni. Mapango yale yale ya chokaa tuliyokuwa tukipelekwa na shule kuona popo, ambako kuna bibi zetu walikuwa wakienda kwenye mzimu kuomba, ghafla yakatangazwa mpaka nje ya nchi, polisi na wanajeshi wanarushiana risasi na watu waliojichimbia kule, mwanajeshi mmoja akafariki na wenzie wakajeruhiwa. Polisi wakasema hao ni wahalifu na sio Al-Shabaab, lile kundi la wapiganaji wa Somalia, lakini mtaani jina lilishatoka na likishatoka halirudi. Mwaka uliofuata, mwisho wa Mei 2016, watu wanane wakachinjwa usiku Kibatini, huku huku Tanga. Mie siwezi kuyapunguza uzito yale, wale walikuwa na wake na watoto, na mji mzima tulikuwa tunafunga milango magharibi. Ila tangu hapo kijana akipita mbele ya baraza la kahawa na suruali yake fupi utasikia "huyo naye wa Amboni", wazee wanacheka kashata iko mdomoni, na yule kijana anasikia, maana hajawa kiziwi.

Hofu ya jirani yangu nayo haikuanguka kutoka mbinguni. Masheikh wa Uamsho, ile jumuiya ya Kiislamu kule Zanzibar, walishtakiwa kwa ugaidi mwaka 2014 wakakaa ndani miaka na miaka bila dhamana, mpaka Juni 2021 mashtaka yakafutwa wakarudi makwao. Hukumu hakuna. Watoto waliowaacha wananyonya wamewakuta wanasoma. Sasa mama wa Makorora akiyasikia hayo kwenye redio unamwambia nini?

Kinachoniudhi ni mjadala wenyewe unavyokwenda. Likitokea tukio la ugaidi popote duniani, wasio Waislamu wanakuja, nyie Waislamu mbona mko kimya, laanini. Mie muuza vitumbua wa Tanga nilaani kitu kilichofanywa na mtu nisiyemjua, katika nchi nisiyofika! Na nikilaani naambiwa natumia taqiya, yaani naficha ninachoamini. Alafu huku kwetu nako kuna wanaojibu kwa neno moja tu, ni njama za Marekani, basi wamemaliza. Hapana jamani. Vita ya Cabo Delgado imeanza Oktoba 2017, pale Msumbiji mpakani kwetu, na vijana wa Kitanzania wamo waliokwenda. Oktoba 2020 wapiganaji wa huko wakavuka mpaka hadi kijiji cha Kitaya, Mtwara, wakaua na kuchoma nyumba. Ukisema njama, yule mama ambaye mwanawe kaaga anakwenda kutafuta kazi na simu haipatikani tena utakuwa umemsaidia kitu gani?

Shirika la UNDP, la maendeleo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2017 walitoa utafiti, waliwahoji watu wa Afrika waliowahi kuingia kwa hiari kwenye haya makundi. Nimesoma nikaweka simu chini. Asilimia 71 walisema kilichowasukuma mwishoni kabisa ni kitendo cha serikali, kwa mfano ndugu au rafiki kuuliwa au kukamatwa. Asilimia 57 walikiri kwamba maandiko ya dini hawayajui au wanayajua kidogo sana. Alafu hii hapa ndo inatuhusu sisi wa Tanga, mtu aliyesoma dini miaka sita au zaidi uwezekano wake wa kujiunga ulishuka kwa hadi asilimia 32. Miaka sita! Watoto wetu wanaanza chuo, yaani madrasa, wakiwa na miaka minne, wanakaa mkekani na juzuu zao wakipiga kelele alasiri nzima, na hicho ndo chuo ambacho mtu akitoka mbali akikipita anauliza wanafundishwa nini mle ndani. Tanga hii watu wamekuja kusoma chuo cha dini cha Shamsiyya kutoka mikoa kibao, wakarudi makwao wakawa maimamu na makadhi.

Kwahiyo mie naona hivi. Kijana mwenye hasira akisemea hasira zake msikitini kuna mtu mzima wa kumjibu kwa aya na hadithi, tena mbele za watu. Akiogopwa, akifukuzwa, akichekwa barazani, ataenda kuzungumza na nani? Na simu, na kwenye simu kuna mtu asiyemuona anamsikiliza kwa upendo wote.

Na wa kwanza kujua kwamba mtoto kabadilika ni mzazi. Garissa, Kenya, 2 Aprili 2015, Al-Shabaab waliua watu 148 pale chuo kikuu, na mmoja wa wauaji alikuwa kasomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu wa Mandera, na baba yake alikuwa kishatoa taarifa kwa wakubwa kwamba mwanangu haonekani. Yule mzee mie huwa namfikiria sana. Alikuwa chifu, milango anaijua, na bado ikawa ilivyokuwa. Jirani yangu anamjua nani? Akihisi kitu kwa mwanawe kweli kweli (Mungu aepushe), atanyamaza, atanunua wembe.

Msikitini kwetu ustadhi mmoja, bado kijana, kaanzisha kikao kila Alhamisi baada ya isha, vijana wanauliza chochote, jihadi, serikali, Palestina, hao Al-Shabaab wenyewe, na anawajibu bila kumkemea mtu. Mtoto wa jirani anahudhuria na wangu wa miaka kumi na tano nimeshamruhusu. Ila wazee wawili wa kamati wanataka kisitishwe, wanasema tutakuja kuandikwa majina. Nawaelewa, wana wajukuu. Kamati inakaa Jumapili na baba watoto ni mjumbe, nimemwambia asiende kukaa kimya kama kawaida yake, asimame aseme kikao kibaki, milango iwe wazi, na mwenyekiti wa mtaa naye akitaka aje akae asikilize.