Kompyuta ya steshenari iliyogoma kuamka

Shangazi yangu ana steshenari ndogo hapa Moshi mjini, si mbali na stendi kuu ya mabasi. Kazi ni zile za kila siku: fotokopi, kuchapa barua za maombi ya kazi, kuprinti ripoti za wanafunzi wa vyuo. Siku hizi anahariri pia video za send-off na harusi, na kwa ajili hiyo kompyuta yake ya mezani, ya mtumba, iliongezewa kadi ya picha, ile inayotengeneza picha za kwenye monita. Mashine yenyewe ina Windows 10, RAM ya GB 8 na hadidiski ya kawaida, ile ya kuzunguka.

Jioni haizimi, anaiweka haibaneti. Mimi ndiye niliyemzoesha hivyo, na bado naona ni sawa kwa mahali ambapo umeme hukatika bila kupiga hodi. Kompyuta ikilala usingizi wa kawaida, kazi zilizofunguliwa hubaki kwenye RAM, na RAM ikikosa umeme haikumbuki kitu. Haibaneti huchukua yaliyomo kwenye RAM na kuyaandika katika faili kubwa la hiberfil.sys ndani ya diski C, kisha mashine inazimika kabisa. Ni karani anayeandika hesabu zake daftarini kabla ya kufunga ofisi, badala ya kulala nazo kichwani.

Asubuhi moja akanipigia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Njoo uone mashine, imegoma kuamka. Na ripoti ya mtu iko humo ndani."

Nilipofika, fundi wa jirani alikuwa ameshatoa hukumu: pawasaplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine, imekufa. Kabla ya hapo alikuwa amechomoa RAM na kuisugua kwa kifutio cha penseli. Kwa vumbi letu la kiangazi si wazo baya, ila halikusaidia. Ukibonyeza swichi, taa inawaka, feni inazunguka, monita inabaki nyeusi na kulalamika kwamba haipati signali.

Kitu cha kwanza nilichotaka kujua ni kama mashine imekufa kweli au ni picha tu haiji. Nilibonyeza Caps Lock nikaangalia taa yake kwenye kibodi. Haikubadilika. Ingekuwa inawaka na kuzima, ningejua Windows iko hai, na ningeanza kushuku monita na waya wake. Nikajaribu Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, vitufe vinavyoanzisha upya draiva ya picha, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kadi. Kimya. Taa ya diski ilicheza kwa muda, ikatulia. Hapa subira inahitajika, kwa sababu hadidiski ya kuzunguka inasoma gigabaiti kadhaa kabla ya kukuonyesha chochote, na watu wengi huikata katikati wakidhani imekwama. Mimi nilikaa, nikanywa chai, giza likabaki lile lile.

Nikashikilia swichi mpaka ikazimika, nikawasha tena huku nikibonyeza F2 mfululizo, kitufe cha kuingia BIOS, programu ya mashine yenyewe inayoanza kabla ya Windows, kwa mashine ile (nyingine hutumia Del au F10). BIOS ikafunguka, maandishi safi kabisa. Kwangu hapo ndipo kesi ilipogawanyika. Monita inafanya kazi, waya unafanya kazi, RAM inasomeka GB 8 zote, na pawasaplai inayodaiwa kufa inaibeba mashine bila kutetereka. Tatizo linaanza pale Windows inapopokea usukani. Fundi hakupendezwa.

Lakini kilichonisaidia kuliko vipimo vyote ni maneno ya shangazi, aliyoyasema huku akihudumia mteja wa fotokopi. "Tena si haibaneti peke yake. Wiki iliyopita niliizima vizuri tu, kesho yake ikaniletea giza hili hili. Ila nikiiristati haijawahi kunisumbua."

Tangu Windows 8 kuna kitu kinaitwa Fast Startup. Ukichagua Shut down, Windows inafunga programu zako, lakini kiini chake na draiva inaviandika kwenye lile lile faili la hiberfil.sys ili kesho iwake haraka. Kwa hiyo "kuzima" huko ni nusu haibaneti. Ukichagua Restart, kila kitu kinaanzishwa upya kutoka mwanzo. Mashine inayokubali kuristati lakini inakwama baada ya haibaneti na baada ya kuzimwa inakuelekeza kwenye draiva inayoshindwa kuamshwa kutoka kwenye faili.

Nilipoizima kwa nguvu tena na kuiwasha, iliachana na kumbukumbu ya jana ikaanza upya. Kuna zinazong'ang'ania. Hizo unaingia kwenye mazingira ya ukarabati ya Windows, unafungua dirisha la amri, unatafuta diski yenye Windows (huko herufi yake inaweza isiwe C) na kulifuta hiberfil.sys kwa del /a hiberfil.sys. Yote yaliyokuwa wazi bila kuhifadhiwa yanakwenda nalo, kwa hiyo muulize mwenye mashine kwanza. Ripoti ya mwanafunzi ilipatikana karibu yote, kwa kuwa Word huhifadhi nakala ya dharura kila dakika 10 isipobadilishwa mpangilio.

Ndani ya Event Viewer, daftari la matukio la Windows, nilikuta kosa la Kernel-Power namba 41. Watu huikimbilia kama vile ni jina la ugonjwa, kumbe inasema tu kwamba mashine ilizimika bila utaratibu, jambo nililokuwa nimelifanya mwenyewe kwa kidole.

Kadi ya picha ndiyo iliyokuwa ngeni katika mashine ile, kwa hiyo nikaanza nayo. Nilichomoa waya wa umeme ukutani, nikabonyeza swichi kumaliza umeme uliobaki ndani, nikagusa chuma cha boksi, nikaitoa kadi. Monita nikaichomeka kwenye tundu la mamabodi, bodi kuu ya mashine. Kisha, badala ya kusubiri jioni, nikaandika shutdown /h kwenye dirisha la amri, mashine ikaenda haibaneti papo hapo. Swichi. Ikaamka, dirisha likiwa wazi pale pale. Nikarudia, ikaamka. Nikarudisha kadi: giza.

Kadi yenyewe haikuwa mbovu, maana BIOS ilionekana kupitia hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba BIOS haitumii draiva ya Windows. Draiva iliyokuwemo ilikuwa ya toleo la zamani, iliyowekwa siku kadi ilipofungwa. Nilikata intaneti kwanza ili Windows isiniwekee nyingine kimyakimya, nikaiondoa draiva kupitia Device Manager pamoja na mafaili yake, kisha nikaweka niliyoipakua kutoka tovuti ya mtengenezaji kwa namba kamili ya modeli ya kadi. Bando liliumia, kwa sababu draiva hizi ni mamia ya megabaiti. Baada ya hapo shutdown /h ilikubali kila nilipojaribu, hata video ikiwa wazi kwenye programu ya kuhariri.

Ningeweza kumaliza yote kwa powercfg /h off, amri inayozima haibaneti, inalifuta faili lake na kukurudishia nafasi ya diski, kama GB 3 hivi kwa RAM ya GB 8. Kwa mtu asiyeihitaji ni jibu zuri. Shangazi anaihitaji: UPS yake inashikilia dakika chache tu, na nimeipanga mashine ijiweke haibaneti yenyewe betri ikikaribia kuisha. Fast Startup ndiyo niliyoizima, kwenye Control Panel upande wa Power Options, maana sioni faida yake kwa duka linalofunguliwa mara moja kwa siku. Siku anazoizima kabisa inachukua muda zaidi kuwaka asubuhi, na ameshanilalamikia kwamba wateja wanasimama.