Moja niliyoisoma saba

Leo nimeshinda ofisini hapa Mtwara nikiingiza kwenye programu takwimu za jaribio la kisima cha gesi, kutoka kwenye karatasi zilizojazwa kwa penseli na wenzetu walioko kisimani.

Jaribio lilikuwa la hatua nne: kisima hufunguliwa kidogo kidogo, na katika kila hatua hupimwa kiasi cha gesi inayotoka pamoja na shinikizo la chini kisimani. Kutokana na vipimo hivyo programu hukokotoa kipeo, yaani namba inayoonyesha jinsi gesi inayotoka inavyoongezeka shinikizo la chini linaposhuka, ambacho kwa kawaida huwa kati ya 0.5 na 1.

Mimi nilipata 2.1.

Nilirudia kila safu, nikahakikisha kwamba sikuchanganya shinikizo la geji (lisilohesabu shinikizo la hewa) na shinikizo kamili (linalolihesabu), kosa ambalo limewaponza wengi, lakini jibu halikubadilika.

Ndipo nilipoisogeza karatasi dirishani. Shinikizo la kisima kikiwa kimefungwa, ambalo hatua zote hulinganishwa nalo, nilikuwa nimelisoma 2,070, kumbe ile saba ilikuwa moja yenye kikono kirefu kichwani, kilichotandazwa na jasho la kiganja. Nilimpigia simu kaka wa zamu, naye akafungua daftari lake na kunisomea taratibu: "Elfu mbili na kumi, dada."

Kipeo kikashuka hadi 0.8.

Nilikaa kimya kwa muda, moyo ukinienda mbio, kwa sababu makadirio ya uwezo wa kisima kizima yalikuwa yameegemea tarakimu hiyo moja.

Ninyi mnaofanya kazi hii, mnazihakiki vipi karatasi za kisimani kabla ya kuziingiza? Naomba mnieleze hapa chini.