Nilivyopima wimbi ndani ya bomba la bati kwa mpini wa fagio (na ule ushauri wenu wa "sentimita 3")

Wakuu, habari za muda huu. Juzi nimekutana tena na jamaa anamwelekeza mwenzake kutengeneza antena ya kopo ya Wi-Fi, eti "toboa tundu sentimita 3 kutoka kwenye kitako, hiyo ndo robo ya wimbi, kopo lolote linafaa", na watu wanammiminia laiki. Kopo lolote! Ushauri huohuo ulinilia hela na karibu semesta nzima, kwa hiyo leo acha niandike.

Ilikuwa projekti ya mwaka wa mwisho. Mi nilitaka kitu cha wevugaidi, yani yale mabomba ya chuma yaliyo matupu ndani ambayo yanabeba mawimbi bila waya wowote katikati. Chuoni (sikitaji, tusigombane) kulikuwa na seti nzuri tu ya kupimia, bomba la mstatili la milimita 22.86 kwa 10.16, ile saizi ya GHz 8 mpaka 12, linaingia kiganjani. Ila pawasaplai yake ilishakufa kabla hata sijafika pale, na mhusika wa maabara akanishauri kwa moyo mweupe kabisa nichukue data za waliotangulia nibadilishe desimali. Supavaiza naye, we dogo si utengeneze app kama wenzio? Nkasema hapana aisee, kama GHz 10 hakuna, GHz 2.4 iko kwenye kila nyumba yenye ruta. Tatizo ni moja, wimbi likiwa refu na bomba nalo lazima linenepe, kwa hiyo badala ya kitu cha kiganjani unajikuta unahitaji kitu cha saizi ya bomba la gata. Ndo nikaenda kutafuta bomba la gata.

Kabla sijasahau, kuna mtu alinishauri ning'oe magnetroni (kile kifaa kinachotoa mawimbi ya kupashia chakula) kwenye maikrowevu mbovu kwa sababu "ni GHz 2.45 hiyohiyo na nguvu ipo". Nguvu ipo kweli, wati mia kadhaa za kukuivisha macho ukiwa unachungulia kwenye bomba, achilia mbali transfoma ya mle ndani ambayo haina msamaha. Usithubutu. Ruta ya kawaida haifiki hata wati moja na inatosha sana.

Vifaa vyangu: ruta ya zamani yenye antena mbili za kufungua, moja nikaifungua nikaweka kebo ya koaksio inayoingia kwenye bomba na kuishia na kijiti cha waya mle ndani, ya pili nikaiacha iongee na laptop. Channel nikaifunga kwenye 6 ambayo katikati yake ni GHz 2.437, upana MHz 20, halafu laptop inavuta faili kubwa muda wote ili ruta isipumzike, maana ikipumzika mita inaruka ruka hovyo. Upande wa kupokea ni kijiti kifupi, dayodi ndogo ya schottky ya masafa ya juu (ndo inageuza wimbi kuwa umeme ambao mita inausoma), kapasita ya kutuliza, na maltimita ya kawaida ya fundi umeme. Ile dayodi nilizunguka nayo Kariakoo nikachoka, wengi wananipa za kurektifaya umeme wa kawaida ambazo kwa GHz 2 ni mapambo, mwisho nikaagiza mtandaoni, bei yenyewe ya soda ila kusubiri ndo kilio.

Wazo ni rahisi. Unaziba bomba upande mmoja, upande wa pili unaweka pistoni ya chuma inayoteleza, wimbi linaenda linagonga pistoni linarudi, linakutana na lenyewe. Ukisogeza pistoni polepole mita inapanda na kushuka, na umbali kati ya kilele kimoja na kinachofuata ni nusu ya urefu wa wimbi ndani ya bomba. Huhitaji mashine ya mamilioni, unahitaji futi.

Sasa kwenye hewa wimbi la GHz 2.437 lina urefu wa sentimita 12.3, nusu yake ni 6.15. Watu wa "sentimita 3" wangekuwa sahihi, vilele vyangu vingekaa kila sentimita 6 na kidogo. Nikachukua bomba la gata la inchi 4, nikaanza kusogeza, na kilichotokea ni fujo: kilele, kisha kingine karibu, kisha kingine mbali, kimoja kirefu kimoja kifupi, nikirudia vinakaa palepale kwenye fujo yao ileile. Hilo ndo lilikuwa linaniumiza kichwa, maana kama ni kelele za ruta zisingejirudia. Nilibadilisha kebo, nikabadilisha dayodi, nikazima simu za watu wote nyumbani mpaka mama akauliza kama nimejiunga na dini mpya.

Jibu lilikuwa kwenye hesabu. Bomba la duara lina frikwensi ya kikomo, chini ya hapo wimbi haliendi. Chukua 175.8 gawa kwa kipenyo cha ndani kwa milimita, unapata kikomo cha modi ya kwanza (modi ni namna wimbi linavyojipanga ndani ya bomba), inaitwa TE11, kwa GHz. Chukua 229.6 ugawe vilevile, unapata cha modi ya pili, TM01. Bomba la milimita 100: 1.76 na 2.30. Zote mbili ziko chini ya 2.437! Maana yake mle ndani kulikuwa na mawimbi mawili ya ruta ileile, moja lina urefu wa kama sentimita 17.8 na lingine kama 36.7, kila moja na mwendo wake, na mita yangu inawajumlisha. Kuna kopo nyingi za maziwa zenye saizi hiyohiyo au zaidi, na watu wanatoboa tu. Halafu yale makopo marefu membamba ya chipsi, milimita 73 hivi, kikomo chake ni karibu GHz 2.41, yani channel za chini ziko mlangoni kabisa, halafu mtu analalamika antena yake inachagua siku za kufanya kazi.

Kwa hiyo nilihitaji kipenyo ambacho TE11 inapita na TM01 inakataliwa. Milimita 90: kikomo 1.95 na 2.55. Safi kabisa. Ila nani anauza bomba la milimita 90?

Nikaenda Gerezani, mtaa ule wa Dar, si jela. Nikamkuta mzee mmoja anakunja mabati, shikamoo, marahaba, nikamweleza nataka bomba la bati urefu kama mita moja na robo, kipenyo cha ndani sentimita 9 kamili, lisiwe 9 na nusu. Akaniangalia. "La nini kijana wangu?" Nikasema la kupimia wimbi. Akasema sawa, hata kuna mmoja alikuja anataka jiko la kuzungusha. Bei ilikuwa elfu kumi na kitu hivi pamoja na pistoni, na pistoni ndo kilichonifurahisha. Mi nilikata kisahani cha bati nikakisugua kikaingia, lakini kilikuwa kinagusa huku kinaacha kule, nikishika mpini tu mita inabadilika, ishara kwamba wimbi linavujia nyuma. Mzee akakitupa pembeni. Akakata kisahani kikubwa zaidi, akapitisha mkasi wa bati ukingoni kote akatoa meno membamba membamba, akayakunja kwenda nyuma na kuyafungua kidogo kwa nje, kiasi kwamba ukikisukuma ndani kila jino linajibana lenyewe kwenye ukuta wa bomba. Nyuma akagongelea mpini wa fagio. Hajui TE11 ni nini lakini alichotengeneza ndo kilekile unachokikuta kwenye vifaa vya maabara, na tangu hapo nikishika mpini mita haishtuki.

Kitu kingine ambacho video hazisemi ni mshono. Bomba la kukunja lina mshono kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na usipoulehemu vizuri ni ufa. Kwenye TE11 mkondo unaozunguka bomba ni mkubwa pembeni, kulia na kushoto kwa kijiti, ila kwenye mstari wa kijiti chenyewe na mstari wa chini yake mkondo unakimbia kwa urefu tu. Kwa hiyo mshono ukiwa chini kabisa, mkabala na kijiti, haukati kitu. Ukiwa ubavuni unakata mkondo wote. Mi nilijaribu makusudi kutoboa tundu la kijiti robo ya duara kutoka kwenye mshono, vilele vikalegea vikawa vilima. Nikarudisha mshono chini, vikachongoka.

Na matokeo sasa. Hesabu inasema kwenye milimita 90 wimbi linavutika mpaka sentimita 20.6, nusu 10.3. Nikasukuma pistoni, nikaweka alama kwa maka peni kwenye mpini kila mita ilipofika juu, nikapima kwa futi: kumi na kidogo, kumi na kidogo, kumi na nusu kasoro. Nilicheka peke yangu. Sentimita 6 haikuonekana popote.

Siku ya kutetea projekti nilibeba na kipande cha bomba la ekzosi, kipenyo sentimita 5 hivi. Unachungulia unaona mwanga upande wa pili vizuri tu, lakini Wi-Fi haipiti, maana kikomo chake ni kama GHz 3.5. Kila sentimita 1 inakula karibu dB 4.6 (desibeli, kipimo cha nguvu inavyopungua), ukifika sentimita 10 imebaki kama moja ya elfu arobaini. Mmoja wa waliokuwa mezani akauliza kwa dharau, "umeme bila waya wa kurudia unaendaje?" Swali hilo nililisubiri kwa hamu. Nikamwambia hata Heaviside, gwiji wa hesabu za umeme wa Uingereza, mwaka 1893 aliona bomba lisilo na waya ndani haliwezekani, Rayleigh, mwanafizikia Mwingereza mwenzake, akaonyesha kwa hesabu mwaka 1897 kwamba linawezekana, watu wakasahau, mpaka 1936 Southworth wa Bell Labs (maabara ya kampuni ya simu Marekani) na Barrow wa chuo cha MIT hukohuko wakatangaza majaribio yao kila mtu kivyake. Na Barrow bomba lake la kwanza lilikuwa jembamba mno kwa wimbi la sentimita 50, halikupitisha kitu, kama ekzosi yangu. Southworth yeye alikuwa mjanja, alijaza maji bombani, maji yanafupisha wimbi kama mara 9, bomba dogo likatosha. Jamaa akaandika andika kitu, akaomba ashike mpini.

Sasa turudi kwenye kopo lako. Sentimita 3 ni urefu wa KIJITI, hapo mko sawa. Umbali kutoka kwenye kitako ni robo ya wimbi la ndani ya bomba: kwa milimita 90 ni sentimita 5.1 hivi, kwa milimita 83 ni kama 6.2. Mnachukua kipimo cha kijiti mnakifanya umbali. Tafuteni kopo lenye kipenyo kati ya milimita 80 na 90, mtembee na rula dukani, mwenye duka atawashangaa, mwacheni ashangae.

Wanaotaka bomba kama langu, mzee bado yupo, ila madogo wa nyuma yangu walishamfuata wengi na bei kapandisha, sasa anaita "bomba la wataalamu". Mwambieni mshono aulehemu kwa risasi mwanzo mwisho, asipokumbushwa anakunja tu.