Hadithi Yangu Kwenye Fomu ya Ukaguzi

Julai 2009 nilikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya kata wilayani Kilolo, kule juu ambako mwezi huo ukungu hauondoki mapema na wanafunzi huandika wakiwa wamevaa sweta mbili. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa mmoja kwa madarasa yote, kwa hiyo walimu wa fildi kutoka Mkwawa walipofika tulifurahi sana. Chuo hicho cha elimu, kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilianzishwa mwaka 2005 pale Iringa mjini ilipokuwa Sekondari ya Mkwawa, na wanachuo wake hutawanywa mashuleni kujifunza kazi. Wa kwetu alikuwa kijana mwembamba ambaye viatu vyake viling'aa hata siku za tope.

Asubuhi moja aliingia darasani akiwa na jasho, katika baridi ile. Nyuma yake alikuja mzee mwenye koti la sufu na faili kwapani: mhadhiri wake, amekuja kumkagua. Mzee akatafuta pa kukaa, akaona nafasi kwenye dawati langu la nyuma, kwa kuwa mwenzangu alikuwa mgonjwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Endelea na kazi yako."

Kazi yangu saa ile haikuwa somo. Ubaoni palikuwa na *Ngoswe*, tamthiliya ya karani wa sensa aliyempenda Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi, na mwalimu wetu alikuwa amechora jedwali la fani upande huu na maudhui upande ule. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa fasihi miaka yote, na mpaka leo sijaelewa ni nani aliyeamua kwamba tamthiliya ikatwe vipande na kupangwa kwenye jedwali kabla mtu hajaicheka. Mimi nilikuwa kurasa za mwisho za kauntabuku yangu, naandika hadithi ya bibi mgema ulanzi, pombe ya mianzi, ambaye kila alfajiri anakuta mbeta zake za kukingia zimeshamiminwa na mtu.

Mzee alijaza mistari ya kwanza ya fomu yake. Kisha jicho lake likaniangukia mimi. Nilifunika kwa kiwiko. Akakisogeza kiwiko changu taratibu kwa kalamu, akaanza kusoma. Akafungua ukurasa, akafungua mwingine. Kule mbele kijana wa watu aliuliza maswali, akagawa makundi, akafuta ubao vizuri kabisa, na mkaguzi wake hakuona hata kimoja. Kipindi kilipokwisha fomu ilikuwa bado ina mistari ile ile ya mwanzo.

Mzee akasimama. Badala ya kuaga, akaliuliza darasa: "Huyu aliyeandika *Ngoswe* yuko wapi?"

"Alishafariki, mwalimu," akajibu mmoja, na wengi tukaitikia. Kwetu waandishi wote walikuwa marehemu, kuanzia Shaaban Robert aliyefariki 1962.

"Edwin Semzaba yupo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anafundisha sanaa za maonyesho. Huenda sasa hivi anasahihisha mitihani na kulalamikia miandiko mibaya kama yenu." Darasa likacheka. Akaendelea: Penina Muhando aliyeandika *Hatia* amefundisha chuo hicho hicho, na Kezilahabi anafundisha Botswana. "Na mimi ninazo hadithi zangu mbili tatu. Ninaziandika usiku, nikishamaliza kusahihisha."

Nimewaona waandishi wengine baadaye, kwenye mahafali, wamekaa meza kuu mbele ya maji ya chupa, wanatuasa tusome vitabu kwa bidii. Sikumbuki neno hata moja walilosema. Huyu namkumbuka kwa sababu alichomoa fomu nyingine tupu kwenye faili, akakaa tena dawatini, na kunikagua mimi.

Fomu ilikuwa ya Kiingereza, ya kupima mwalimu. Yeye akaijaza kwa Kiswahili. Penye somo aliandika "hadithi". Penye matumizi ya ubao akakata mstari. Penye zana akaandika: "Mbeta, panga, kamba. Nzuri. Lakini msomaji wa Mtwara atajuaje kwamba ulanzi hugemwa masika?" Penye sauti: "Bibi anasikika. Mwenyekiti wa kitongoji anaongea kama kitabu cha uraia." Penye kushirikisha wanafunzi: "Msomaji hujamwachia kazi yoyote." Penye hitimisho, ambapo mimi nilikuwa nimeeleza kwa aya nzima kwamba wizi ni mbaya: "Futa yote." Alama hakuweka. Aliandika kwamba atazitoa akirudi, kwa maana kijana naye sasa ilibidi akaguliwe upya.

Hakurudi yeye. Safari ya pili alikuja mhadhiri mwingine, akakaa mbali nami, akajaza fomu yake kikamilifu. Hadithi nilikuwa nimeshaiandika upya kwa mwanga wa koroboi, na mwenyekiti nimempunguzia maneno mpaka akabaki anakohoa tu. Mwalimu wa fildi alipomaliza muda wake mwezi wa nane akaniambia, "Lete, nitampelekea." Niliona alivyoiweka kwenye begi, katikati ya daftari jembamba. Nikamuuliza daftari la nini. La mashairi, akasema, na lenyewe linaenda kwa mzee yule yule.

Likizo ya Desemba nilikutana na mwalimu huyo wa fildi stendi ya Iringa mjini. Alikuwa na bahasha yangu mkobani, imeshakunjamana kwa kubebwa. Ndani mlikuwa na fomu ya pili, na safari hii alama zilikuwepo: 58. Nilinuna. Akaniambia nisinune, mzee huyo hajawahi kumpa mtu sabini.

"Wewe kwenye mashairi amekupa ngapi?"

"Hayakuhusu hayo," akasema, akawahi kupanda daladala ya Kihesa.