Siku tuliyomkatalia dokta nusu saa

Huyu dokta wetu wa usingizi alikuwa anajitolea mpaka basi, zamu za usiku anachukua hata za wenzake, ukimwambia nenda kapumzike nikushikie mgonjwa hataki, na nguo za mikono mirefu muda wote hata joto likiwa kali. Sisi tukawa tunamsifu. Kumbe ndo dalili zenyewe, maana mtu wa fentanili, ile dawa kali ya maumivu ya chumba cha upasuaji, hawezi kukaa mbali na kabati la dawa, arosto yake haichelewi. Waliomfichua ni wagonjwa. Rejesta inasema kapewa dozi kamili, mgonjwa anaamka analia maumivu, na wote ni wa kwake.

Siku hiyo tukamkalisha chini, mkuu wa idara, mimi, na daktari mwingine aliyewahi kupita humohumo akapona. Nafasi ya tiba ishapatikana, gari lipo nje. Akabisha, akawaka, akalia, mara akatulia, akasema kwa upole, "Sawa, naenda. Sista, nipeni nusu saa tu nichukue nguo nyumbani."

Kila mtu alitaka kumpa hiyo nusu saa, jamani ni mtu mzima, ana heshima zake. Yule aliyepona ndo akakataa, akasema hata chooni asiende peke yake, kwa sababu daktari akishajulikana anaona leseni imeenda, jina limeenda, na dozi ya kuua anaijua vizuri kuliko yeyote. Nguo atapelekewa na mkewe. Nikapanda nae gari, njia nzima nimemshika mkono, hatukuongea.

Baada ya hapo ni miezi ya tiba, halafu mkataba wa miaka 5, anaitwa kupima mkojo siku yoyote bila taarifa, na naltreksoni juu yake, dawa ya kuzuia fentanili na jamii yake zisifanye kazi mwilini, ili hata akijidunga asisikie kitu. Kuna utafiti wa Marekani wa 2008, ulifuatilia madaktari 904 kwenye mipango ya hivi, na kwa wale ambao matokeo yao yalijulikana, zaidi ya 7 kati ya 10 baada ya miaka 5 walikuwa kazini na leseni zao. Inaniuma sana kwamba teja wa kawaida hapati hata robo ya ufuatiliaji huo, anatolewa soba hausi anaambiwa jikaze.

Wetu alirudi kazini ila sio chumba cha upasuaji, alihama idara mwenyewe na mimi nilifurahi, maana kwa watu wa usingizi dalili ya kwanza ya kurudia wakati mwingine ni kukutwa ameshafariki, mwili umesahau dawa ila mkono bado unakumbuka dozi ya zamani.