Vizibo vyenye nukta: nilivyoisimamisha baa Jinja

Kila niliyemweleza kwamba nafungua baa Jinja, mji wa Uganda kando ya mto Nile na ziwa Victoria, alinipa ushauri uleule: weka mvinyo, weka kokteli, wazungu wa rafti, wale wanaoteremka mto kwa boti za mpira, watakulipia pango. Ushauri huo ulinila msimu mzima, na mpaka leo nikisikia mgeni mwingine akipewa, damu inanichemka. Mimi ni mtu wa Mombasa, nimezoea mji ambao mtalii analala hatua chache tu kutoka muziki unakopigwa. Jinja haiko hivyo. Bwawa la Bujagali lilipojazwa mwaka 2011 maporomoko yalizama, na rafti zikashuka chini ya mto kuelekea Kalagala na Itanda. Mtalii amelala huko huko kando ya mto. Ameshinda majini tangu asubuhi, mara nyingi nyama na bia za jioni zimo ndani ya bei ya safari yake, na ikifika saa tatu usiku usingizi umemchukua. Akija mjini anakunywa mbili, anapiga picha, anaondoka.

Anayelipa bili ya usiku ni mtu wa Kampala aliyekuja wikendi, maana ni kilomita 80 tu, pamoja na mfanyakazi wa kiwandani, mwalimu, mwenye duka la Main Street na dereva anayeelekea mpakani Busia au Malaba. Hawa wanataka bia iliyo kwenye joto wanalolipenda, mpira usiokatika, na muchomo, yaani nyama choma, unaofika kabla bia ya pili haijaisha. Mvinyo niliununua kreti mbili. Ulimalizwa na harusi ya jirani.

Nimesema joto wanalolipenda kwa sababu hili linawapiga wageni wengi. Hapa mhudumu haulizi tu bia gani, anauliza pia baridi au ya moto. Ya moto ni ile iliyotoka stoo, haijaonja friji, na wanaoitaka ni wengi, hasa wazee na wanywaji wa Nile Special, bia ya hapa ambayo kwa kilevi cha asilimia 5.6 haihitaji kugandishwa ili ipendeze. Ukijaza kila chupa kwenye friji umewafukuza. Mimi robo ya bia ya usiku inabaki kwenye kreti chini ya kaunta, mahali pa kivuli, mbali na mgongo wa friji unaotoa joto. Robo tatu inaingia ndani tangu usiku uliotangulia, kwa sababu chupa ya nusu lita iliyo kwenye joto la chumba inahitaji saa sita au zaidi kwenye friji iliyojaa. Bia iliyoingizwa saa kumi jioni bado ni vuguvugu saa mbili usiku, na vuguvugu haina mteja, si wa baridi wala si wa moto.

Friji ya kioo ni ya kuonyesha, si ya kupoza. Kila mlango ukifunguliwa hewa baridi inamwagika chini kama maji. Friza ya kulala, ya mfuniko juu, inabaki na baridi yake hata ifunguliwe mara mia, na umeme ukikatika inakubeba saa nyingi. Tatizo lake ni kwamba imetengenezwa kugandisha. Bia huganda ikishuka digrii mbili na nusu hivi chini ya sifuri, na kabla hujajua chupa zimepasuka na vigae vimejaa ndani. Dawa yake ni kidhibiti joto cha nje, kile kidude chenye tarakimu wanachouza mafundi wa friji. Friza unaichomeka ndani yake, na kihisio chake usikiache kikining'inia hewani: kitie kwenye chupa ya maji katikati ya bia, vinginevyo kitawasha na kuzima kila mfuniko ukifunguliwa na kuiua kompresa. Weka digrii 3, na tofauti inayoruhusiwa kabla friza haijawaka tena iwe digrii 2. Tangu nifanye hivyo sijapasua chupa hata moja.

Siku bia baridi zikiisha saa tano usiku na watu bado wapo, kuna beseni. Barafu kilo 10, maji lita 10, chumvi ya kawaida kilo moja, chupa 25 zilizolazwa. Zigeuze kila baada ya dakika chache, na kwa dakika 20 kreti nzima iko tayari. Maji ni ya lazima, maana barafu peke yake inagusa chupa sehemu ndogo tu. Zioshe chumvi kabla ya kuzipeleka mezani, na usishangae lebo zikichubuka.

Umeme. Nunua jenereta kwa kuangalia friza zinavyowaka, si zinavyotembea. Kompresa inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kiwango chake cha kawaida, kwa hiyo jenereta ya kVA 2.5 inayobeba friza tatu bila shida zikishaanza itazima ukiziwasha zote kwa mpigo. Moja, subiri, ya pili, subiri. Na kila friza iwe na kilinzi chake chenye kuchelewesha dakika tatu, kwa sababu umeme wa gridi unaporudi hurudi na mshtuko.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho hakuna mshauri hata mmoja aliyekitaja. Kwa miezi minne hesabu ya stoo ililingana na mauzo, pesa zililingana na hesabu, na faida haikuwepo. Jumamosi baa inajaa hadi watu wanakaa juu ya ukuta, mauzo yanatoka kama ya Jumatano. Wizi huu hauwezekani kuuona kwa kuhesabu chupa zako, kwa sababu hakuna chupa yako iliyoibwa. Wahudumu wa kaunta walikuwa wananunua bia zao wenyewe depo, kwenye ghala la jumla, kwa bei ileile ninayonunua mimi, wanaziingiza mchana na kuziuza kutoka friza yangu, kwa umeme wangu, kwa wateja wangu. Bia yangu inabaki salama stooni, na faida inaondoka.

Kwanza nilijaribu kuhesabu chupa tupu. Zikizidi zile nilizonunua, nimewashika. Hazikuzidi hata siku moja, kwa sababu chupa tupu ina thamani yake depo, na za kwao zilikuwa zinatoka kwa boda kabla ya mimi kuamka. Kisha nikaweka kamera juu ya kaunta. Kamera inaonyesha bia ikitoka frizani, haikuambii ni ya nani. Nikaandika alama kwenye vizibo kwa kalamu ya wino mzito. Unyevu wa friza ukaifuta yote.

Kilichofanya kazi ni rangi ya kucha. Haifutiki kwa maji wala kwa barafu, inakauka kwa dakika kumi, na chupa moja ndogo inatosha kreti 20 hivi. Mara ya kwanza niliweka nukta juu ya kizibo, wazi kabisa. Wiki mbili tu, wakaenda sokoni wakanunua rangi ileile. Ndipo nikaanza kutumia meno. Kizibo cha bia kina meno 21 pembeni. Nukta mbili ndogo naziweka pembeni, kati ya jino na jino, na siri ni idadi ya meno yaliyo katikati ya nukta hizo. Leo manne, kesho saba. Anayetaka kuiga lazima ajue rangi ya leo na hesabu ya leo, na vyote viwili navichagua mimi bia zinapotoka stoo kwenda friza. Kreti kumi zinachukua chini ya saa moja ukizoea.

Nusu ya pili ya kazi ni kukusanya vizibo. Hapa Uganda chupa inafunguliwa mezani mbele ya mteja, na ni desturi nzuri, usiivunje: mteja anaona hakuna aliyetia kitu ndani. Lakini kizibo kilikuwa kinaanguka chini. Nikashona mfuko kwenye aproni ya kila mhudumu, kizibo kinaingia humo, na alfajiri kila mmoja anamwaga vyake kwenye kreti tupu, kizibo kimoja kila tundu, 25 kwa kreti. Huhitaji kuhesabu, unaona kwa macho. Vyenye nukta upande mmoja, visivyo na nukta upande mwingine. Jumamosi ya kwanza karibu kreti tatu nzima hazikuwa zangu.

Sikumfukuza mtu. Mhudumu mpya angejifunza mbinu ileile kwa wiki moja. Nilitangaza kwamba kila kizibo chenye nukta sahihi kina shilingi 100 za mhudumu aliyekileta, zinalipwa alfajiri hiyohiyo, taslimu. Hapo mambo yaligeuka. Mwenye bia yake mfukoni alijikuta anapigana na wenzake wanaotaka ya baa iuzwe. “Bosi, huyu ana bia mbili za Bell za nje,” nikaanza kuambiwa na haohao. Kwa bia ninayouza shilingi 5,000 au zaidi kidogo, mia moja ni pesa ya kutoa kwa moyo mweupe.

Waragi, ile pombe kali ya Uganda, ni hadithi nyingine, maana hauna kizibo cha kila toti. Mstari wa kalamu kwenye lebo ni kazi bure, wanajazia maji. Nunua mizani ya jikoni ya tarakimu, inayosoma gramu moja. Chupa ya mililita 750 ina toti 25 za mililita 30. Pombe ya asilimia 40 ni nyepesi kuliko maji: toti moja ina gramu 28 na kidogo, si 30, na anayekokotoa kwa 30 anawaonea wahudumu wake. Pima chupa tupu ya aina hiyo kwanza, pima chupa iliyofunguliwa kabla ya kazi na baada ya kazi, gawa tofauti kwa 28.4, ndizo toti zilizouzwa. Waliojazia maji mizani haiwakamati. Kwa hao kuna kipimo cha pombe cha kioo, kile kinachoelea. Angalia joto unapopima, kwa sababu kimetengenezwa kwa digrii 20. Ndani ya baa pakiwa digrii 28, waragi safi wa 40 utasoma karibu 43. Ukisoma 40 kwenye joto hilo usifurahi, tayari kuna maji ndani.

Mpira unaamua ratiba ya jikoni. Waingereza wakiwa kwenye saa zao za kiangazi, mechi yao ya saa tisa alasiri huku ni saa kumi na moja jioni, na zile za usiku za Ulaya zinaanza saa nne. Mwishoni mwa Oktoba wanarudisha saa nyuma, na kila kitu huku kinasogea mbele saa moja: kumi na mbili jioni, tano usiku. Wiki hiyo baa nyingi huwasha mkaa mapema mno na nyama inakauka. Mkaa uwashwe dakika 40 kabla ya mchezo kuanza, kwa sababu agizo kubwa ni wakati wa mapumziko, na watu wote wanaagiza ndani ya dakika tano. Chapati za rolex, zile zinazokunjwa na mayai ndani, zipikwe mapema, mayai ndiyo yakaangwe hapo hapo. Novemba nsenene, wale panzi wanaoliwa, zikipatikana, zikaange kwa chumvi na kitunguu, sahani ndogo ndogo. Zinauza bia kuliko karanga.

Muziki: ukiwa karibu na maji, spika zigeuzie mgongo ziwa. Usiku sauti inateleza juu ya maji, na malalamiko yatakuja kutoka ng'ambo ambako hata hukujua kuna nyumba. Besi usiiegemeze ukutani, ukuta mzima unageuka spika. Iweke juu ya magunia mawili ya mchanga. Kwa sheria za Uganda usiku wa kelele unaanza saa nne. Namba ya simu ya mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, uwe nayo wewe, na yeye awe na yako, ili akupigie kabla polisi hawajapigiwa.

Wadudu wa ziwa, wale wanaotanda kama moshi, wamewahi kunifungia baa usiku wa Ijumaa. Taa nyeupe ndiyo inayowaita. Taa zote za wateja nimeweka za njano zisizo kali, na moja nyeupe kali nimeifunga kwenye nguzo mita 30 hivi kuelekea majini. Wanabaki kule. Asubuhi unafagia ndoo nzima chini ya nguzo, na wenye kuku wanakuja kuwachukua wadudu hao.

Kuondoka nako kupangwe. Polisi wa kawunyemu wanapima pumzi za madereva usiku wa wikendi, na mteja aliyekamatwa akitoka kwako harudi. Nina orodha ya boda wanane ninaowajua kwa majina, wana stendi yao mbele ya geti, na mlinzi anaandika namba ya pikipiki na abiria kwenye daftari. Gari linalala kwangu bure hadi saa sita mchana. Mwenye gari akija kulichukua anakuta supu ya makongoro tayari, na Jumapili yangu inaanzia hapo, huku pembeni tunamalizia kupanga vizibo kwenye kreti.