Siku moja maishani mwangu: waya, puto na mfuko wa nyongo

Saa 12:30 asubuhi. Sijavaa hata koti, tayari nimefungua majibu ya damu. Kuna mvulana wa miaka 6 aliyepandikizwa ini miezi 8 iliyopita. GGT yake, kipimo cha damu kinachoonyesha shida ya ini na njia za nyongo, imepanda mara ya tatu mfululizo, ingawa macho hayajawa ya njano. Altrasaundi ya jana inasema mirija ya nyongo haijatanuka. Hapo ndipo wengi hutulia, nami siwezi: katika ini la kupandikizwa mrija unaweza kusinyaa na mirija ya juu yake isitanuke. Naomba MRI ya njia za nyongo. Naomba pia ateri ya ini ipimwe kwa Doppler, altrasaundi inayoonyesha mtiririko wa damu, maana baada ya upandikizaji mirija hiyo hulishwa na ateri hiyo peke yake. Ikiziba, mirija ndiyo huharibika kwanza.

Saa 1:45. Wodini. Msichana wa miaka 3 amekumbatia mdoli, mpira wa kutolea nyongo umefichwa chini ya fulana ya kubana (werevu wa manesi, sisi madaktari hatukuwaza hilo). Alizaliwa na njia za nyongo zilizoziba, ugonjwa unaowafikisha watoto wengi kwenye upandikizaji wa ini kuliko mwingine wowote, naye ni mmoja wao.

“Daktari, leo tena na njaa?” mama yake anauliza, maana kabla ya usingizi mtoto hali kitu.

“Ni yeye wa kwanza, mama. Hatakaa sana.”

Dripu ya antibiotiki imeshaanza. Ukigusa nyongo yenye vijidudu, vijidudu hivyo huweza kuingia kwenye damu papo hapo.

Saa 3:00. Chumba cha eksirei. Mtaalamu wa usingizi anatuashiria tuanze. Kamera ya kupitia mdomoni haifai sana hapa, kwa sababu mrija wa ini uliunganishwa na kipande cha utumbo mwembamba na njia ya kuufikia imekuwa ndefu, imejaa kona. Ndiyo maana wiki kadhaa zilizopita tulipita kwenye ngozi na ini kwa sindano nyembamba. Leo nafuata njia ileile: waya ndani, katheta ya zamani (ule mpira) nje, dawa ya kuonekana kwenye eksirei inasukumwa taratibu. Mara ya kwanza ilikwama kwenye kiungo, pale mrija ulipounganishwa na utumbo. Sasa inapita, kama uzi mwembamba.

Napandisha puto. Kwenye skrini linabanwa kiuno pale penye kovu. Nangoja. Kiuno kinafutika polepole, na hakuna anayezungumza chumbani. Naweka katheta nene kidogo kuliko ile ya awali, kovu lisijirudie haraka.

Saa 8:20. MRI ya mvulana: kiungo kimebana kweli. Ateri iko wazi, nashukuru. Namwandikia nafasi keshokutwa.

Saa 11:10 jioni. Simu ya wodi. “Daktari, yule mdogo ana 38.7, anatetemeka.”

“Sista, fungua mpira umwage kwenye mfuko, chukua damu ya kuotesha vijidudu maabara, nakuja.”

Nafika mfuko ukiwa umeanza kujaa nyongo ya kijani. Tunaongeza antibiotiki.

Saa 2:00 usiku. 37.6. Amelala. Mama yake ananifuata mlangoni.

“Imebaki mara ngapi?”

Namwambia mbili, pengine tatu, halafu tutaufunga mpira kwa majaribio kabla ya kuutoa. Anahesabu kwa vidole, anarudi kitandani.